Chemchemi Waliyonitengea

Siku hizi kila mgeni anayeletwa kwenye chemchemi yetu ndogo anaambiwa kwamba wazee wetu waliilinda. Waliilinda! Nikilisikia hilo neno nasimama papo hapo, mgongo unauma lakini nasimama, namuuliza anayesema: we ulikuwepo? Maana mimi nilikuwepo. Na bado nipo. Goti limekwenda, meno yamekwenda, ila mdomo uzee haujaugusa. Basi sikilizeni.

Kijiji chetu kiko juu ya Karatu, upande ule ambapo msitu wa Ngorongoro unashuka mlima halafu unakatika ghafla, mashamba yanaanza. Asubuhi ukungu unatoka msituni unakuja mpaka mlangoni pa jiko langu. Chini ya nyumba kuna bonde, na bondeni kulikuwa na chemchemi mbili. Ile kubwa ilikuwa chini kwenye kinamasi, penye matete marefu kuliko mtu, na kijiji kizima kilichota hapo. Ile ndogo iko huku juu, pembeni, imejificha kwenye miti. Ukipita na haraka zako huioni. Kubwa ilikuwa ya watu. Ndogo ilikuwa ya wenye metimani.

Wajukuu zangu wa Arusha hawalijui hili neno, na ninyi msio Wairaqw mtalijulia wapi. Zamani ukifiwa na mtoto anayenyonya, au binti akizaa kabla hajaolewa, na mambo mengine ya namna hiyo, mlihesabiwa mmeshikwa na uchafu wa kifo. Hiyo ndiyo metimani. Mnatengwa, mke na mume. Nyumba ya mtu hamwingii. Hakuna anayekula na ninyi. Ng'ombe wenu hawachanganywi na wa wengine. Na maji hamchoti wanapochota watu, eti mkitia kibuyu chenu pale, kifo kitaingia kwenye maji kiende nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana mkapewa maji yenu.

Mimi nilikuwa bado mke mgeni, mtoto wangu wa kwanza akafa. Wa kike. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa, na akiona ng'ombe anacheka mpaka anaanguka chali. Homa ikamchukua. Tulipomaliza kuzika, mama mkwe wangu akaja akasimama nje ya ua. Hakuingia. Mwanamke tuliyekuwa tunapukuchua naye mahindi tunacheka mpaka machozi, leo anasimama kule ananikwepa macho! Akanionyesha juu kwa kidevu.

"Maji yenu yako kule," akasema. "Na kibuyu chako usikilete huku chini."

Hakusema pole. Mila ilimruhusu kutosema pole, kwa hiyo hakusema.

Sasa mnaonijua mtaelewa adhabu yenyewe. Mimi nilizaliwa naongea. Shule nilikaa muda mfupi tu. Mwalimu alisema huyu akimaliza kuongea ndipo tutaanza kusoma, na sikumaliza. Mtu kama mimi unamfungia asiongee na watu, msimu unaingia unatoka, mahindi yanapandwa yanavunwa, hajasalimiwa na mtu! Mume wangu, Mungu amrehemu, tulifungiwa pamoja, lakini yule hata kwenye harusi yake mwenyewe aliitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo niliongea na vyura. Msicheke. Pale kwenye chemchemi ndogo walikuwa wengi, wadogo wadogo, rangi ya majani. Nikifika naweka kibuyu chini, nawapa habari za nyumbani. Nikimsema mama mkwe wananyamaza kimya, wanasikiliza. Nikimaliza wanapokea wote kwa pamoja kama kwaya ya Pasaka. Na mtoto wangu nilimtaja jina pale, kwa sauti, maana nyumbani halikutajwa tena. Maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe jeusi, baridi, hayana kelele. Nilikuwa nakunywa kwa hasira, nalia, nakunywa tena.

Wazee walipotufungulia nikarudi kuchota chini na wenzangu, wakanipokea kana kwamba nilikuwa safarini. Nikaapa sitakanyaga tena kule juu. Baadaye kanisa likashika, metimani ikawa inafanywa kwa kujificha, halafu ikafa. Sikuilia hata kidogo. Ila pale mahali pakabaki hivyohivyo. Hata wale wanaokaa benchi la mbele kila Jumapili hawakupenda kupeleka jembe pale. Hakuna aliyesema sababu. Palikuwa panatia watu baridi mgongoni, basi.

Miaka ikaenda. Nikazaa wengine, wakakua wakatawanyika, nikabaki na kitinda mimba wangu na mke wake. Huyu kijana ana mikono ya kazi, sikatai, lakini vitunguu saumu vilimtia wazimu. Na si yeye peke yake. Vilipoanza kuuzika vizuri bonde zima liliingia wazimu. Watu walikata matete, wakachimba mitaro kukausha kinamasi, wakalima mpaka kwenye mdomo wa chemchemi kubwa. Mashine za kuvuta maji zikawa zinanguruma toka alfajiri, ukimuita mtu upande wa pili hasikii. Na juu kule mlimani kuna lodge, nao wakachimba kisima kirefu, wakatengeneza bwawa la bluu la wageni kuogelea. Kuogelea! Mtu ametoka kwao kuja kuangalia tembo, kuogelea kwa nini? Tembo mwenyewe anatafuta maji.

Chemchemi kubwa ilivyokufa, nitawaambia, maana hata mimi ilinidanganya. Ilikuwa inashuka kiangazi, masika inarudi. Mwaka mwingine inashuka zaidi, masika inarudi. Tukazoea. Tukisema jamani maji yanapungua, vijana wanajibu, yatarudi tu, si yanarudi kila mwaka? Na kweli yakarudi. Halafu kiangazi kimoja yakashuka, masika ikaja, tena ile masika kubwa iliyokata barabara na kubeba daraja. Tukasema sasa tutakunywa mpaka tutapike. Wapi! Maji yalipita juu ya ardhi yakichimba makorongo, yakaondoka na udongo wetu mwekundu kuelekea ziwa Eyasi, na mvua ilipokwisha chemchemi ikawa kavu. Mahali pa matete pakapasukapasuka. Ukipiga jembe linaruka.

Nilikasirika. Ukame naujua, nimezeeka nao. Lakini kukauka baada ya mafuriko? Huo ni ushenzi gani?

Ndipo akaja yule binti. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kitamu mpaka unaona aibu kufungua mdomo wako. Mimi sikuona aibu. Alipita kwangu kuomba kivuli, amevaa mabuti makubwa kama ya zimamoto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na viatu hivyo?"

"Nimetoka kreta, bibi. Nilikuwa napima majani."

"Majani? Serikali imekosa kitu cha kupima?"

Akacheka, nikampenda. Nikampa kigoda. Akanionyesha kwenye simu yake picha za kule chini kreta, uwanda wote umejaa maua ya njano.

"Mazuri," nikasema.

"Si mazuri, bibi. Ni magugu. Yamefukuza nyasi. Nyumbu hawayapendi, pundamilia hawayapendi. Watalii wanatoa vichwa juu ya magari wanayapiga picha, wanasema angalia uzuri huo."

Hebu fikiria. Nimezeeka chini ya ukingo wa kreta ile, sijawahi kushuka humo hata mara moja, na mtu aliyetua juzi kwa ndege anakwenda kufurahia magugu! Nilimwambia yule binti angalau wangeniteremsha mimi nikayang'oe.

Siku hiyo nilikuwa nasukasuka maziwa kibuyuni, kibuyu kiko pajani, nasukasuka huku naongea. Nikamuuliza lile lililokuwa linanichoma: kwa nini mvua imekuja na chemchemi haikurudi?

Akaanza kunieleza. Akasema ardhi ni mvumilivu, bibi. Unaikata kidogo, inajirudisha. Unaikata tena, inajirudisha, ila kwa shida zaidi, na kwa macho huoni ile shida. Mpaka inafika mahali, ukisukuma kidogo tu tena, haijirudishi. Inageuka. Inakuwa kitu kingine, na hicho kitu kingine nacho kinajishikilia. Matete ndiyo yalikuwa yanalainisha udongo, akasema, na udongo laini ndio ulikuwa unameza mvua, na mvua iliyomezwa ndiyo inayalea matete. Ukiyaondoa, udongo unakaza. Ukikaza hauli maji. Usipokula maji matete hayaoti. Kwa hiyo hata mkiacha kulima leo, hapatajirudisha penyewe.

Na mimi huku nasukasuka. Anayejua kazi hii anajua, unasuka, unasuka, hakuna kitu, ni maziwa tu yanapiga chwa, chwa, chwa. Unaweza ukakata tamaa. Halafu bila kukuaga sauti inabadilika, kibuyu kinakuwa kizito upande mmoja, kitu kinagonga ndani, ndu, ndu. Siagi imeshikana. Ikabadilika palepale binti anaongea. Nikaacha mkono.

"Kwa hiyo chemchemi yetu imeshakuwa siagi," nikasema.

"Vipi, bibi?"

Nikafungua kibuyu nikamwonyesha. "Nimesuka toka asubuhi. Yalikuwa maziwa mpaka sasa hivi. Nirudishie maziwa yangu."

Akaangalia ndani ya kibuyu, akaniangalia mimi. "Bibi, huo mfano nitauiba."

"Iba. Ila usiondoke hujala hiyo siagi."

Tulicheka, lakini moyoni nilikuwa sicheki. Akauliza kama bonde lina maji mengine popote. Nikanyamaza, na mimi kunyamaza ni habari. Halafu nikachukua fimbo nikampeleka kule juu. Nilikuwa sijakanyaga toka siku nilipofunguliwa. Miguu ilikuwa inakataa, nikawa naisukuma. Nikasikia vyura kabla sijaona maji. Walewale! Najua si walewale, ni wajukuu wa wajukuu wao, lakini sauti ni ileile. Jiwe jeusi lipo. Maji yanatoka, hayana kelele.

Yule binti alichanganyikiwa kwa furaha. Akapiga magoti kwenye tope, akaingiza mkono kwenye udongo ukazama mpaka kiwiko. Akahesabu mimea, akapiga picha mizizi. Akasema bibi, hapa bado. Hapa hapajageuka. Ndiyo sehemu pekee bondeni ambayo bado inameza maji, na hapa pakifyekwa, basi, bonde lote limekwisha. Halafu akanyanyuka na matope yake, macho yanang'aa, akasema:

"Wazee wenu walikuwa wahifadhi wakubwa sana, bibi. Walipatenga hapa ili pasiguswe."

Mungu wangu. Niliwaka. Nilimwambia mwanangu, kaa chini kwenye hilo jiwe. Nikamwambia yote, mtoto, kibuyu, mama mkwe nje ya ua, vyura. Nikamwambia hawa wazee unaowasifu hawakupatenga mahali, walinitenga mimi! Pamesalimika kwa sababu walituona sisi ni uchafu. Ungekuwa wewe umetupwa jalalani halafu jalala likaota maua, ungemshukuru aliyekutupa?

Akavua kofia akaishika mikononi. "Sikujua, bibi," akasema. "Nisamehe." Pole ile ile niliyoikosa miaka yote, akaitoa yeye, mtoto wa Tanga. "Na pole kwa mtoto."

Sasa wiki iliyofuata akaja na wenzake wakasimika mabomba membamba ya plastiki kuzunguka chemchemi ndogo, ya kupimia maji yamekaa wapi chini ya ardhi. Kosa lao hawakuita watu kwanza wakawaeleza. Mtu wa chuo anadhani bomba ni bomba. Huku kwetu, ukiona kitu kimesimikwa kwenye ardhi yako na watu wenye gari, hicho ni bikoni, alama ya mpaka, na bikoni maana yake unahamishwa. Tumeona ya wenzetu. Habari za Malambo na Piyaya, walikowekewa bikoni watu wakaondolewa malishoni, zinafika mnadani zikiwa bado za moto, watu wanasimulia kwa sauti ya chini. Basi bonde likawaka: hifadhi inashuka, wanachukua maji, wanachukua mashamba.

Na mwanangu ndiye alikuwa anawaka kuliko wote, kwa sababu alishapapigia hesabu pale. Mashine yake ya maji ilikuwa imekaa bila kazi toka chemchemi kubwa ikauke. Alishaniambia, "Mama, kule juu kuna maji yamelala bure." Alitaka afyeke miti, apande vitunguu saumu mpaka kwenye lile jiwe. Nilimkatalia, akaniuliza kwa nini, nikasema kwa sababu nimekataa. Sikumwambia zaidi. Sikuwahi kumwambia mtoto wangu yeyote juu ya yule wa kwanza. Metimani ilinifungua miguu ila ulimi kwenye jambo hilo ulibaki umefungwa.

Mwenyekiti akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, watu waamue pale palimwe au pasilimwe, na mabomba yabaki au yang'olewe. Siku moja kabla, binti akanijia jikoni, anazungusha kofia yake.

"Bibi, nina ombi. Kesho ukipewa nafasi, sema tu kwamba pale ni mahali pa mila. Kwamba ukipaharibu unapata balaa. Wataogopa, watapaacha. Mimi nikiongea sayansi hawatanisikia."

"Unataka niwatishe na kile kilichonitisha mimi?"

"Nataka maji yabaki, bibi."

Hilo lilinikaa. Maana hakuwa mbaya, na alichosema kilikuwa kweli, ingefanya kazi. Nikageukia moto wangu, nikauchochea.

Kesho yake uwanja ulijaa. Mwanangu akasimama wa kwanza, na anajua kusema, kanirithi.

"Ndugu zangu, yale mabomba ni bikoni! Leo bomba, kesho kibao, keshokutwa tunaambiwa pakieni mizigo. Na kama kweli wana uchungu na maji, mbona hawaanzii lodge? Kule watu wanaogelea, huku tunaambiwa tusimwagilie!"

Makofi. Na mimi nilimpigia, kwa nguvu. La lodge alisema kweli tupu.

Binti akasimama akaeleza mabomba ni ya nini, akachomoa moja akalipitisha mkono kwa mkono watu waone halina kitu ndani. Akakiri walikosea kuja kimya kimya. Akasema kisima cha lodge nacho kinavuta, atawaambia usoni. Watu wakaguna. Kuna aliyechungulia ndani ya bomba kama darubini, wenzake wakamcheka. Akaanza kueleza ardhi inavyogeuka, akanitazama, akataja maziwa na siagi. Mzee mmoja wa nyuma, mpenda mzaha, akapaza sauti:

"Sasa shida iko wapi? Siagi si tamu kuliko maziwa? Mimi nachagua siagi!"

Uwanja ukavunjika mbavu. Nikanyanyuka na fimbo yangu, sikungoja kupewa nafasi.

"Haya, mchagua siagi! Kiangazi hiki ukishikwa na kiu kanywe siagi. Mkeo akikuomba maji ya kuoga mpe siagi. Mjukuu wako akichemka homa umnyweshe siagi!"

"Mpake na kichwani, bibi, labda akili italainika!" mke wake akadakia. Walicheka mpaka yule mzee akajificha kwenye kofia.

Waliponyamaza nikaona binti ananiangalia. Nikasema.

"Nimeombwa niwaambie pale juu ni mahali pa mila, mkilima mtapata balaa. Sisemi. Mila ile naijua kuliko ninyi wote kwa sababu ilinila. Pale ndipo tulipochota wenye metimani. Mimi nilichota pale. Nilifiwa na mtoto wangu wa kwanza, wakanizuia maji ya watu kama mbwa mwenye kichaa."

Mwanangu alikuwa amesimama bado, mikono kiunoni. Mikono ikashuka.

"Alikuwa dada yako," nikamwambia, mbele za watu. "Sikukuambia kwa sababu nilifundishwa kunyamaza. Mimi! Kunyamaza! Hiyo ndiyo mila mnayotaka tuwatishe nayo watu?"

Mwenyekiti, ambaye naye ni mtu mzima wa mvi, akasema taratibu, anaangalia viatu vyake, "Hata mama yangu alichota kule." Mwanamke mmoja mzee upande wa kina mama akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Na mimi." Mwingine huku. "Na mimi. Mapacha wangu." Majirani zangu! Tumekaa kanisani bega kwa bega miaka yote, tumeazimana chumvi, hakuna aliyejua habari ya mwenzake, kila mmoja alidhani ni yeye na vyura tu. Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuipata. Tungeweza kuliliana!

Nikawaambia basi msipaache kwa woga, woga huo ulishakufa, kijana wangu haogopi. Wala msipaache kwa kusema wazee walikuwa na busara. Kwa mengine sawa, kwa hili hawakuwa nayo. Paacheni kwa sababu ndipo maji yalipobaki. Chini kule tulisema yatarudi, yatarudi, mpaka sauti ikabadilika kibuyuni. Kule juu sauti haijabadilika. Mimi nilikunywa maji yale kwa sababu hakuna mtu aliyenipa mengine. Na ninyi sasa hampewi mengine.

Nikakaa.

Wakakubaliana miti isiguswe, mashine zisipande kule, maji yachotwe kwa ndoo tu, na mabomba ya binti yabaki. Mwenyekiti na binti wakaenda lodge. Wakapewa chai, na ahadi. Mpaka leo bwawa lile ni la bluu, nikipita barabarani naliona, nalitukana.

Mwanangu alinuna. Anapita uani haongei, anapiga ng'ombe bila sababu. Nikajua si vitunguu. Siku moja nachambua maharage, akaja akakaa chini karibu nami, akaanza kuchambua naye, vibaya, anatupa na mazuri.

"Aliitwa nani?" akauliza.

Nikamwambia jina. Hapa siliweki, ni letu. Akalirudia mara moja, akaendelea na maharage. Mashine yake akaikodisha kwa mtu wa Mang'ola, na akaanza kulalamika vitunguu saumu vinalipa kidogo siku hizi. Nikamwacha alalamike, ana haki. Mke wake amenunua ndoo mpya.

Sasa ukifika asubuhi utakuta foleni ya ndoo za njano kwenye chemchemi ya waliotengwa. Wote wako pale, mpaka wajukuu wa mama mkwe, mpaka watu wa benchi la mbele. Nikitokea wanasema, "Bibi, pita mbele, pita." Leo ndiyo mnanipisha! Nawaambia kwa sauti, kila siku, wameshazoea. Halafu napita mbele, kwa nini nisipite?

Juzi binti alirudi na wageni. Mwenyekiti akasafisha koo, akaanza, "Hapa, ndugu wageni, wazee wetu wali..." Akaniona. Akameza. "Walitenga watu hapa," akasema. "Akina mama zetu." Mgeni mwenye daftari akaandika. Nikampa mwenyekiti mkono.

Binti akapima mabomba yake. Akasema kiangazi maji yalishuka kuliko mwaka jana, ila masika yamerudi.

"Yatarudi mpaka lini?" nikamuuliza.

"Sijui, bibi. Tutaendelea kupima."

Nilichukia hilo jibu, lakini nililipenda kuliko la wanaosema yatarudi tu. Kwa hiyo na mimi napima kwangu. Kila asubuhi kabla foleni haijaanza naenda naweka ndoo chini, nawapa vyura habari za nyumbani, halafu natega sikio. Wakipokea, narudi zangu kupika chai. Siku wasipopokea mtanisikia mpaka Karatu mjini, na huko lodge watanisikia wakiwa ndani ya maji.